Crusoe na wavuvi wa Ziwa Kivu

Riwaya ya Robinson Crusoe, aliyoitoa Daniel Defoe mwaka 1719, husifiwa kwa kisa cha mtu aliyeishi kisiwani miaka 28, lakini tukumbuke alianza na shoka, bunduki na nafaka alizotoa kwenye meli iliyovunjika. Tofauti naye, hapa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, huingia ziwani pamoja usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wakipiga makasia kwa wimbo mmoja. Majini watu huokoana. Lakini si kila mtu huokolewa: tarehe 3 Oktoba 2024, katika ziwa hilihili, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikaua makumi ya watu. Wazazi, wasomeeni watoto riwaya hii, na msiwapandishe botini bila jaketi la kujiokolea.