Mkate wa ndizi bila ngano, bila sukari



Mama mmoja wa kikundi cha akiba alituletea swali ambalo tumelibeba juma zima. Daktari alimpima mtoto wake, akamkataza ngano. Nyumbani mambo yanaenda, kwani ugali upo na maharagwe yapo. Taabu ni siku za sikukuu. Wenzake wanagawiwa mkate na mandazi, yeye anasimama kando akiwatazama. Sisi tunaofundisha tunajua uso huo. Mama aliuliza: kuna keki ambayo mtoto huyu anaweza kula, na wenzake nao wakaitaka?

Ipo, na vitu vyake vyote viko sokoni kwetu.

Kwanza tuelewane juu ya gluteni. Ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na ngano nyekundu. Ndiyo inayofanya donge la mkate livutike. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni inaharibu utumbo mwembamba, na hata makombo kidogo yanamdhuru. Lakini mtoto ambaye ngano haimdhuru hana sababu ya kunyimwa mkate. Na kama unamshuku mtoto wako, usimwachishe ngano kabla ya vipimo, maana akiisha kuiacha, kipimo cha damu kinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa. Mpeleke kwanza hospitali.

Muhogo, mahindi, mtama, mchele na soya havina gluteni. Kwa hiyo ule unga wa pakiti unaoletwa kutoka Ulaya na kuuzwa kwa bei ya kutisha, tuuache dukani.

Tunachukua ndizi tamu nne za kadiri, zilizoiva mpaka ganda limejaa madoa meusi. Hizo ambazo muuzaji anazipunguzia bei jioni ndizo tunazozitaka, kwa sababu ndizi ikiiva wanga wake unageuka sukari. Ndizi ya manjano safi itakupa mkate usio na ladha, kisha utashawishika kufungua kopo la sukari. Zikimenywa zifike gramu 400. Unga wa mahindi uliosagwa laini, gramu 150. Unga wa muhogo gramu 50, na wa soya gramu 50. Mayai matatu, vijiko vikubwa vitano vya mafuta, chumvi nusu kijiko kidogo, maji ya limau kijiko kikubwa kimoja, na bikaboneti kijiko kidogo kimoja. Mdalasini ukiwepo, vizuri.

Soya iwe imekaangwa kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi inasumbua tumbo. Na muhogo, tafadhali, uwe umelowekwa siku tatu au zaidi na kukaushwa vizuri. Kule Kwango, watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vema walipata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, nao hauponi. Ukinunua unga kwa mtu usiyemjua, changanya na maji, utandaze mwembamba kivulini kwa saa tano ili sumu itoke, ndipo uutumie. Hatutachoka kulisema hili.

Ponda ndizi, tia mayai, mafuta, limau na chumvi, pigapiga. Ongeza unga zote. Sasa ngoja dakika 15, unga wa mahindi unywe maji. Ukifanya haraka, mkate unakuwa kama mchanga mdomoni. Bikaboneti inaingia mwisho kabisa, kwani ikikutana na limau inaanza kutoa hewa palepale. Hapa hakuna gluteni ya kushikilia hewa hiyo, mayai ndiyo yanafanya kazi yake, kwa hiyo usiyapunguze.

Asiye na tanuri aweke sufuria kubwa yenye mchanga mkavu juu ya mbabula, aipashe moto dakika kumi, kisha aweke ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na yenye mchanganyiko. Funika, weka makala juu ya kifuniko, mengi kuliko ya chini. Saa moja hivi inatosha. Chomeka kisu: kikitoka kikavu, epua. Usikate ukiwa moto, utavunjika wote.

Kwa yule mtoto wa siliaki, jambo gumu zaidi ni mashine ya kusagia. Kama imesaga ngano asubuhi, unga wako unabeba ngano. Mwombe mwenye mashine muda ambao imesafishwa, au twanga nyumbani. Kichungi na sufuria vioshwe. Unga wa kuumulia wa kopo, soma karatasi yake: ukiona « blé » au « froment », rudisha.

Neno kwa wenye kisukari, maana wataulizia. Kutoongeza sukari si kusema hakuna sukari. Ndizi mbivu ina karibu gramu 12 katika kila gramu 100. Ukikata mkate huu vipande kumi, kila kimoja kina karibu gramu 5, na unga wa muhogo na mahindi nao unapandisha sukari ya damu. Bibi ale kipande kimoja, si vitatu.

Mkate unakaa siku mbili ukifunikwa kitambaa. Siku ya tatu, kama watoto wamebakiza, uchome vipande kwenye kikaango kikavu, uwape na chai isiyo na sukari.