Jina la Mtoto Lisipotee Njiani

Anayehamia Arusha kutoka Unguja au Pemba huizoea upesi baridi ya Juni na Julai chini ya Mlima Meru. Lakini mtoto anapozaliwa huzuka jambo gumu zaidi: aitwe nani? Visiwani swali hili lina majibu yake. Mara nyingi mtoto hupewa jina la babu au la bibi, akika hufanywa siku ya saba, na jamaa hushuhudia. Huku mlimani babu hayupo, majirani ni akina Elibariki na Naserian, na mzazi hujiuliza kama mwanawe akiitwa Makame, Faki au Vuai ataonekana mgeni siku zote.

Kwa maoni yetu, uamuzi huo ni wa wazazi. Wako wanaoshika jina la babu ili mtoto asisahau atokako. Wako wanaochagua jina lililozoeleka kila pande, kama Juma au Asha. Na wako wanaoongeza jina la Kimeru au la Kimaasai kwa heshima ya jirani aliyewapokea. Wote hao wana haki yao. Tusilolikubali ni jina kuchaguliwa na hofu, au kugeuzwa na kalamu ya karani.

Bara wengi huandika Hamisi, Athumani, Selemani na Omari. Visiwani huandikwa Khamis, Othman, Suleiman na Omar. Kwa sikio tofauti ni ndogo. Katika jalada hao ni watu wawili. Baba ambaye cheti chake cha Zanzibar kinasema Othman, akiandikwa Athumani katika cheti cha mwanawe, ipo siku atatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye mzazi wa mtoto wake mwenyewe, iwe ni kwa ajili ya pasipoti au mirathi. Na kwa kuwa Bara usajili wa vizazi uko chini ya RITA, na Zanzibar ina wakala wake, kosa la herufi moja huweza kumsafirisha mtu baharini zaidi ya mara moja.

Kadhalika jina la ukoo. Mmeru ana Mbise, Kaaya, Pallangyo au Nnko. Mtu wa Visiwani kwa kawaida ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Tuseme baba ni Othman Khamis Faki. Binti yake atakuwa Asha Othman Khamis. Majina yao ya mwisho hayafanani, na hapana kosa lolote hapo. Hiyo ndiyo nasaba, wala haina pengo la kujazwa.

Isitoshe, mlima huu haukuanza jana kupokea watu na majina yao. Masimulizi ya Wameru husema kwamba koo za Mbise na Kaaya zilitoka Usambara. Waarusha nao walipanda kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru. Kwao kaka huandikwa Kowalski na dada Kowalska, ingawa baba ni mmoja. Makaburi ya waliofia hapa yangali Tengeru, nao wamezikwa kwa majina yao wenyewe. Ikiwa marehemu wa nchi ya mbali alistahili heshima hiyo, sembuse mtoto wa Mtanzania aliye hai?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja jina kuwa haki ya mtoto. Kwa hiyo twawaomba maofisa wa usajili na walimu wakuu: mwulizeni mzazi jina linaandikwaje, tazameni cheti chake, na msimsomee nje ya dirisha kabla hajakubali kilichoandikwa. Asiye na jina la ukoo asilazimishwe kulibuni.

Nanyi ndugu zetu wa Visiwani mnaoishi huku, msiende ofisini mikono mitupu. Chukueni vyeti vyenu, kubalianeni herufi kabla ya kufika dirishani, kisha someni kila neno kabla ya kuondoka. Mtoto atajifunza lugha ya jirani zake na kuipenda nchi ya mlimani. Hana haja ya kuacha jina la babu yake ili apokewe.