Sufuria ya Nyumbani Nayo Yahesabika

Si jambo geni mgonjwa wa kisukari, au mtu aliyeshauriwa kupunguza unene, kutoka kwa daktari akiwa na karatasi mkononi. Karatasi yasema ale kalori 1,500 kwa siku, na chini yake pameorodheshwa vyakula: kipande cha mkate, yai la kuchemsha, kikombe cha maziwa yasiyo na mafuta. Anapofika nyumbani anakuta ugali, mchicha wa kuungwa na samaki wa kukaanga. Hakuna hata kimoja kilichomo katika karatasi ile. Hapo mgonjwa hushika mojawapo ya njia mbili. Ama hukisia tu, na kukisia huku humpa kila siku jibu analolipenda. Ama huacha chakula cha nyumbani na kununua vyakula vya pakiti, kwa kuwa pakiti imechapwa tarakimu.

Njia hii ya pili husifiwa na wengi kuwa ndiyo ya kisayansi. Sivyo. Tarakimu iliyochapwa kwenye pakiti ni matokeo ya hesabu, na hesabu hiyo hiyo yaweza kufanywa jikoni na kijana wa Kidato cha Kwanza aliye na mizani na penseli. Tena pakiti yenyewe si msahafu: kanuni za Marekani za kuandika lebo huvumilia kalori halisi kuzidi zilizoandikwa, mradi zisipite asilimia 20.

Yafaa kwanza ijulikane tarakimu hizo zatoka wapi. Kalori inayotajwa katika habari za chakula ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya sentigredi. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alijenga pamoja na wenzake chumba ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa huku joto la mwili wake na hewa aliyopumua vikipimwa. Chakula alichokula kilipimwa, na kinyesi chake vilevile. Kutokana na kazi hiyo ndefu zilipatikana namba tatu ambazo hadi leo zinatumika duniani kote: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Vitabu vya viwango vya virutubisho hujengwa juu ya namba hizo. Afrika Mashariki haina upungufu wa vitabu hivyo: kimoja cha vyakula vya eneo zima kilitolewa mwaka 1988, Tanzania ikapata majedwali yake mwaka 2008, na Kenya ikatoa yake mapya mwaka 2018. Shida ni kwamba vitabu hivi hukaa maktabani, ilhali sufuria iko motoni.

Tuseme mama wa nyumba amesonga ugali kwa gramu 500 za unga wa mahindi. Majedwali huonyesha kwamba gramu 100 za unga huo zina kalori zipatazo 360. Basi unga wote una kalori 1,800. Maji aliyotia hayana kalori hata moja. Ugali ukishaiva, sufuria hupimwa, na uzito wa sufuria tupu, ambao ulipimwa kabla, huondolewa. Ikiwa ugali wenyewe una gramu 1,500, basi kila gramu 100 zina kalori 120. Mgonjwa akipakuliwa gramu 300 amepata kalori 360, kama ambavyo angekula gramu 100 za unga. Hesabu imekwisha.

Katika hesabu hiyo fupi ndipo makosa makubwa hutokea. Mtu anayesoma jedwali la unga mkavu na kulitumia kwa ugali ulioiva atadhani sahani ile ina kalori 1,080. Ataona kwamba mlo mmoja umemaliza zaidi ya theluthi mbili za kalori zake za siku, naye atashinda na njaa pasipo sababu. Anayekosea kinyume chake, akachukua namba ya ugali na kuitumia kwa unga, atakula mara tatu ya kipimo na kumlaumu daktari kwamba dawa hazifanyi kazi. Hata mizani ya pili yaweza kuepukwa. Kama ugali umekatwa mafungu matano yaliyo sawa, basi kila fungu lina moja ya tano ya unga, hata kama aliyesonga alipenda ugali mlaini au mgumu. Maji hubadili uzito wa chakula. Hayabadili nishati yake.

Mafuta ni habari nyingine. Kijiko cha mezani kilichojaa mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi, yaani kalori zipatazo 120. Gramu 300 za mchicha mbichi hazifiki kalori 90. Mpishi akiunga mchicha huo kwa vijiko viwili tu vya mafuta, mafuta yameushinda mchicha kwa kalori zaidi ya maradufu, lakini mgonjwa atakapoulizwa amekula nini atajibu kwa moyo mweupe: “Mboga za majani.” Hajasema uongo. Amesahau tu kile ambacho hakionekani sahanini. Aghalabu mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka katika chupa au dumu, na mkono wa mpishi hauna alama za vipimo.

Vyakula vya kukaanga huonekana kuwa vigumu zaidi, kwa sababu sehemu ya mafuta hubaki karaini. Lakini swali hujibika kwa kutoa tu. Chukua maandazi ya gramu 500 za unga wa ngano na gramu 100 za sukari. Unga una kalori 1,820 hivi, na sukari 390. Mafuta hupimwa pamoja na karai kabla ya kuinjikwa, kisha hupimwa tena yakishapoa kabisa, maana mafuta ya moto hayafai kubebwabebwa. Tuseme yamepungua gramu 90. Hizo ni kalori 810, nazo zimo ndani ya maandazi. Jumla ni kalori 3,020. Na kama maandazi ni 20, kila moja lina kalori 151. Pasipo mafuta lingekuwa na 110. Mwanafunzi aweza kurudia jaribio hili kwa mafuta yasiyopata moto wa kutosha, au kwa maandazi madogo, aone kama gramu 90 zile zitabaki zilezile. Ni jaribio zuri kuliko mengi ambayo shule huagizia vifaa, na mwishowe huliwa. Ila vyombo vyake visiwe vile vya maabara ya kemia!

Nazi yastahili kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu hapa majedwali peke yake hayatoshi. Nazi iliyokunwa ina kalori zipatazo 350 katika kila gramu 100. Lakini mpikaji hali nazi. Huikamua tui, la kwanza na la pili, na machicha hutupwa au hupewa kuku. Ni kiasi gani cha mafuta kimekwenda na tui, na ni kiasi gani kimebaki katika machicha? Jibu hutegemea ukali wa mbuzi, joto la maji na nguvu za mkono. Kitabu hakiwezi kuujua mkono wa mtu.

Hata hivyo sayansi haiishii hapo. Mahali ambapo kipimo kamili hakipatikani, hutafutwa mipaka miwili. Mpaka wa juu ni rahisi: nazi yote ihesabiwe kana kwamba hakuna kilichobaki katika machicha. Gramu 300 za nazi haziwezi kutoa tui lenye zaidi ya kalori 1,050. Mpaka wa chini wanaujua wanawake wa pwani tangu enzi za mabibi zao. Wao huchemsha tui mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Tui la nazi iliyo sawa na ile lichemshwe hivyo, mafuta yapimwe, na kila gramu izidishwe kwa 9. Tui haliwezi kuwa na nishati pungufu ya mafuta yaliyotoka ndani yake. Kweli iko kati ya namba hizo mbili, na mgonjwa akishika ile ya juu hatajidanganya. Wanafunzi wengi huamini kwamba sayansi ni jibu moja lenye desimali tatu. Tui la nazi lawafundisha vingine.

Hizo namba za Atwater nazo zina mipaka. Mwaka 1980 jarida la udaktari la Marekani lilichapisha majaribio ya watu waliolishwa karanga nzima, siagi ya karanga na mafuta ya karanga. Waliokula karanga nzima walipoteza kinyesini sehemu kubwa zaidi ya mafuta kuliko wale wengine, kwa kuwa meno hayavunji kila chembe. Kwa hiyo karanga za kutafuna na karanga zilizosagwa kuungia mchuzi, ingawa jedwali huzipa namba moja, hazimpi mlaji nishati sawa. Tofauti hiyo haitoshi kuitupa hesabu nzima. Yatosha kumzuia mtu kugombana na mkewe kwa ajili ya kalori 20.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu kalori ni anasa ya walioshiba. Hoja hiyo ina uzito wake katika nchi ambazo bado zina watoto wenye utapiamlo. Lakini hesabu ya sufuria haichagui mnene wala mwembamba. Ni hesabu hiyo hiyo iliyoonyesha kwamba uji wa mtoto ni maji mengi na unga kidogo, hata tumbo lake dogo hujaa kabla hajapata nishati ya kumtosha. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walieleza jinsi unga wa kimea unavyolegeza uji mzito: vimeng’enya vya nafaka iliyooteshwa huvunja wanga, uji hunyweka, na unga mwingi zaidi huingia katika kikombe kilekile. Huyo mtoto na yule mgonjwa wa kisukari wanahitaji mizani moja.

Wanaotetea pakiti wana ushahidi wao, nao usifichwe. Katika utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipewa vinywaji vya pakiti vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao hawakuwa tena na kiwango cha kisukari, bila dawa. Lakini yafaa kusoma mpaka mwisho. Wagonjwa hao walikuwa chini ya uangalizi, dawa zao za kisukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa kwa utaratibu, na waliokuwa wakitumia insulini hawakuingizwa. Mtu anayejipunguzia chakula ghafla huku akiendelea na dawa zilezile aweza kuanguka kwa upungufu wa sukari mwilini. Kisha, baada ya pakiti, walirudishwa hatua kwa hatua kwenye chakula cha kawaida, na baada ya miaka miwili asilimia ile ilikuwa imeshuka hadi 36. Hakuna anayeishi kwa pakiti. Kazi ngumu iko pale mtu arudipo kwenye meza ya nyumbani kwake.

Na pengine si meza, ni sinia. Watu wanapokula pamoja, kumtenga mgonjwa na kisahani chake ni kumwadhibu. Ni afadhali fungu lake lipimwe jikoni kwa upawa ambao ujazo wake umekwisha kujulikana, kisha awekewe upande wake wa sinia, ale na wenzake.

Hapa ndipo shule zaweza kusaidia kuliko hospitali. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa sayansikimu, wakishirikiana, waweza kufungua daftari moja la vyakula vya mahali pao: uzito wa sufuria tupu, uzito wa kila kitu kibichi, mafuta kabla na baada, uzito wa chakula kilichoiva, na gramu ngapi huingia katika upawa mmoja. Nakala ipelekwe kwenye zahanati iliyo jirani, ili karatasi atakayopewa mgonjwa iwe na majina anayoyajua. Shule ya Tanga itaanza na wali wa nazi, ya Dodoma na ugali wa mtama au uwele. Ya Bukoba itaanza na ndizi, nazo zipimwe zikiwa zimekwisha kumenywa, kwa maana ganda ni zito na hakuna anayelila.