Mchuma Si Chuma Tena: Mbona Wanunuzi wa Bastola Walihamia Plastiki, na Mbona Wengine Wanarudi

Kwa Sheng, bunduki ni mchuma. Lakini ukishika bastola nyingi zinazouzwa Marekani leo, ile sehemu iko mkononi mwako si chuma. Ni plastiki. Wataiita polima ndiyo isikike ya bei, lakini ni plastiki tu, msee.

Na usidhani hii ni story ya wazungu peke yao. Ukisoma habari za makarao hapa Kenya, kuna majina mawili hayakosi: Ceska na Jericho. (Hapana, si Jericho ya Eastlands.) Ceska ni ya Kicheki, na ile imejulikana sana, CZ 75, ilitoka mwaka wa 1975. Jericho 941 ni ya Israeli, na muundo wake ulitolewa kwa hiyo hiyo CZ 75. Yaani hizo mbili ni mtu na binamu yake, na zote zilizaliwa na fremu ya chuma. Ndiyo maana jina mchuma lilitukaa vizuri.

Sasa rada ni gani? Nani alileta plastiki?

Wajerumani wa Heckler & Koch ndio walitangulia na VP70 mwaka wa 1970, lakini haikushika. Aliyebadilisha game ni Gaston Glock wa Austria, jamaa ambaye kampuni yake ilikuwa inatengeneza vyuma vya mapazia na visu vya jeshi. Hakuwa amewahi kuuza bunduki hata moja. Jeshi la Austria likataka bastola mpya, akaingia kwa shindano, na 1982 Glock 17 ikachaguliwa. Watengenezaji wa zamani walicheka. Leo karibu kila mmoja wao anauza bastola ya plastiki.

Hapo ndipo uvumi ulianza. Kwenye filamu ya Die Hard 2 ya 1990, Bruce Willis anasema kuna Glock ya kauri haionekani kwa mashine za airport. Uongo mtupu. Mtutu wa Glock ni chuma, na ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua pia ni chuma. Hata askari wa mall na kile kifaa chake cha kupiga piip ataishika.

Basi mbona wanunuzi waliipenda? Sababu ya kwanza ni uzito. Zikiwa hazina risasi, Glock 17 haifiki gramu 750. Beretta 92FS, yenye fremu ya aluminiamu, iko karibu gramu 950. CZ Shadow 2, ambayo ni chuma juu hadi chini, inapita kilo moja na robo. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pakiti ya unga ikining'inia kiunoni kutoka asubuhi hadi jioni. Karao wa zamu ama msee anayetembea na bastola kila siku atakwambia mgongo haudanganywi.

Sababu ya pili ni doh. Fremu ya chuma inakatwa na mashine polepole, pande zote. Ya plastiki inamiminwa kwa kalibu, vile viti vya plastiki vya harusi hutengenezwa. Ndiyo maana Glock mpya Marekani huenda kwa dola 500 ama 600 hivi, na bastola kama Staccato, yenye fremu ya chuma, inapita dola 2,000. Juu ya hayo, plastiki haishiki kutu. Jasho haliifanyi kitu.

Hata serikali zilifuata mkondo. Jeshi la Marekani lilitumia Beretta M9 kuanzia 1985. Mwaka wa 2017 likachagua SIG Sauer P320, ambayo mshiko wake ni plastiki.

Ungedhani mechi imeisha hapo. Haijaisha. Smith & Wesson, ambao walianza kuuza bastola zao za M&P za plastiki 2005, sasa wana M&P ya aluminiamu. Walther nao wametoa za chuma. Mbona warudi nyuma?

Juu uzito ambao ni adui kiunoni ni rafiki mkononi. Sukuma mkokoteni mtupu, halafu sukuma uliojaa viazi kwa nguvu ile ile. Uliojaa hausongi sana, si ndiyo? Bastola ni hivyo hivyo. Risasi ni ile ile, teke ni lile lile, lakini bastola nzito hairuki sana, kwa hivyo ya pili inaenda karibu na ya kwanza. Ndiyo maana kwa mashindano ya shabaha CZ Shadow 2 imetawala. Wengine pia wanapenda tu feel ya chuma, vile kuna mtu hawezi kuacha gari ya zamani hata ikimla mafuta.

Kwa hivyo ukiuliza ipi ni bora, uliza kwanza inakaa wapi. Ya kubebwa siku nzima, wengi huchukua plastiki. Ya uwanja wa shabaha, mwenye doh huchukua chuma.

Lakini kuna kitu kwa hii story hakiko kwa matangazo, na ndicho kinafaa kukukosesha usingizi. Kisheria Marekani, fremu ndiyo bunduki. Ndiyo inabeba nambari ya usajili. Mtutu unaweza kuagiza kama vile unaagiza spea ya gari. Fremu ikiwa chuma, kuijengea nyumbani ni kazi ya fundi mwenye mashine. Ilipokuwa plastiki, wakatokea wauzaji wa fremu ambazo hazijamalizwa, halafu printa za 3D. Mwaka wa 2013, Texas, bastola ya kuprintiwa inayoitwa Liberator ilifyatuliwa. Wamarekani huita silaha hizi za mizimu. Sisi tungesema bunduki hewa, kama wale wafanyakazi hewa: zipo, zinafanya kazi, lakini hakuna mahali zimeandikwa.

Machi 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliunga mkono kanuni ya 2022 inayotaka vifurushi vya kujiundia bunduki vihesabiwe kama bunduki: viwe na nambari, na mnunuzi akaguliwe. Ni hatua, lakini printa haisomi hukumu.

Sasa rudi kwetu. Hapa raia hawezi kumiliki bastola bila cheti cha Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Na makarao wakinasa Ceska mtaani, swali la kwanza ni nambari: ilitoka wapi, ilikuwa ya nani? Majambazi wanajua hivyo, ndiyo maana wanazikwaruza. Hiyo nambari ndiyo uzi unaorudisha risasi kwa mwenyewe, na ndiyo mama wa kijana aliyepigwa risasi anategemea kupata haki. Siku bastola zisizowahi kuwa na nambari zitafika mitaani, huo uzi hautakuwa umekatwa. Hautakuwa umewahi kuwepo.

Mnunuzi wa Marekani anachagua wepesi ama uzito. Sisi tunafaa kuuliza kama silaha ina jina.