Kifo Barabarani na Utetezi wa Dereva
Dereva wa matatu anayeshtakiwa katika Mahakama ya Kibera kwa kusababisha kifo cha mpita njia huko Kawangware hukabiliwa na kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambacho adhabu yake yaweza kufika miaka 10 gerezani, lakini kifo chenyewe, hata kiwe cha kuhuzunisha namna gani, hakithibitishi kosa, kwani ni juu ya upande wa mashtaka kuonyesha, pasipo shaka ya maana, kwamba gari liliendeshwa ovyo au kwa namna ya kuhatarisha umma. Ndiyo maana wakili makini huanza na mchoro wa polisi, yaani ramani ya mahali pa ajali, na ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu breki na usukani. Kifungu hicho huitaka mahakama ipime pia hali na matumizi ya barabara, hoja wanayoipenda watetezi, japo ni msumeno ukatao mbele na nyuma, kwa kuwa dereva apitaye penye wachuuzi na watoto hupaswa kuwatarajia. Kumpata wakili huyo ndiyo shida kubwa zaidi: Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa wakili wa serikali pale tu ambapo, bila wakili, angetendewa dhuluma kubwa, na dereva asiyelijua hilo huweza kujikuta akiwahoji mashahidi peke yake.