Kizazi kimetolewa, homoni nimeze nisimeze?

Mwezi huu barua iliyonikaa rohoni imetoka Tinde, pale njia panda ambapo malori ya Kahama na mpaka wa Rwanda yanaachana na mabasi ya Shinyanga na Mwanza. Aliyeiandika ni dada wa miaka 38, mwalimu, mama wa watoto wawili, na mumewe anafanya kazi kwa zamu kwenye mgodi wa dhahabu. Miezi mitano iliyopita alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimtoa damu mpaka anaongezewa ya watu wengine. Damu imekoma, anamshukuru Mungu. Ila tangu wiki ile ya kwanza analowa jasho usiku mpaka shuka linabadilishwa, usingizi hamna, hasira ziko karibu, na kule chumbani, anasema, amekuwa mkavu kama jangwa. Daktari amemtajia tiba ya homoni. Mume ameambiwa na wenzake kambini kwamba homoni zinaleta saratani. Jirani naye ana kopo la vidonge vya mitishamba, eti vya "kurudisha homoni". Sasa anauliza: nimeze nisimeze?

Dada yangu, mimi si daktari na sitakuandikia dawa hapa. Lakini ndani ya swali lako kuna swali lingine ambalo wengi hawaulizi kabisa: siku ile ya upasuaji ulitolewa nini hasa?

Sisi huku mtaani tukisema "katolewa kizazi" tunamaanisha kila kitu kilichoko tumboni. Si hivyo. Nyumba ya mtoto ni kitu kimoja, ovari ni kitu kingine, na ovari ndizo zinazotengeneza estrojeni. Mwanamke aliyetolewa nyumba ya mtoto peke yake haoni tena siku zake, lakini ovari zake zinaendelea na kazi kama kawaida, ingawa zinaweza kuchoka mapema kidogo kuliko za wenzake. Huyo mara nyingi hahitaji homoni yoyote kwa sasa. Aliyetolewa na ovari zote mbili, estrojeni inashuka ndani ya siku chache. Kile ambacho mama zetu walikipitia taratibu kwa miaka, yeye anakipata kwa mpigo mmoja akiwa bado na nyuzi tumboni. Ndiyo maana jasho lako lililoanza wiki ya kwanza linanifanya niulize.

Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu yeyote, tafuta karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Ukiona herufi TAH, ni kizazi kimetolewa kupitia tumboni. Ukiona na BSO pembeni yake, maana yake mirija na ovari za pande zote mbili zimeondoka pia. Kama karatasi imepotea au mwandiko hausomeki (na ya nani inasomeka?), rudi hospitali ulikopasuliwa, iwe Kolandoto, iwe hospitali ya mkoa, iwe Bugando, uombe wakusomee faili lako. Ni haki yako. Kuna wanawake wanaoishi miaka bila kujua kama wana ovari au hawana, na kila daktari anayewaona anaanza kubahatisha.

Sasa tuje kwa hofu ya shemeji, maana haikutoka hewani.

Mwaka 2002 huko Marekani utafiti mkubwa wa afya ya wanawake ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya muda. Wanawake 16,608 waliokuwa na kizazi walihusika, na wale waliopewa estrojeni pamoja na homoni ya pili, projestini, walionekana kupata saratani ya matiti zaidi: kama wanawake 8 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Habari ilizunguka dunia nzima, wanawake wakatupa dawa, madaktari wakaogopa kuandika. Hiyo ndiyo habari iliyofika mpaka kambini kwa shemeji.

Ambayo haikufika ni ya pili yake. Utafiti uleule ulikuwa na kundi lingine, wanawake 10,739 ambao walikwishatolewa kizazi, kama wewe. Waliopewa dawa katika kundi hili walipewa estrojeni peke yake, kwa sababu ile homoni ya pili kazi yake kubwa ni kulinda ukuta wa nyumba ya mtoto usiote saratani, na asiye na nyumba hana ukuta wa kulinda. Sehemu hiyo nayo ilisimamishwa, mwaka 2004, lakini kwa sababu nyingine: kiharusi kiliongezeka, kama watu 12 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Kuvunjika nyonga kulipungua. Na saratani ya matiti? Haikuongezeka. Walipofuatiliwa kwa miaka ishirini na ushee, taarifa ya mwaka 2020 ilionyesha waliotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya matiti kidogo kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Halafu angalia umri. Wanawake wa utafiti ule walikuwa na miaka 50 hadi 79. Wewe una 38! Kwao dawa ilikuwa inaongeza kitu ambacho mwili ulishakiacha. Kwako, kama ovari zimeondoka, inarudisha kitu ambacho mwili ulitegemea kuwa nacho kwa miaka kumi na zaidi mbele. Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani yenyewe ilitangaza kuondoa lile onyo zito la moyo na saratani ya matiti lililokuwa kwenye dawa hizi.

Kwa hiyo kama kweli ovari zote zimetoka na hujawahi kuwa na saratani ya matiti, mimi kwa maoni yangu ningeelekea kwenye kumeza. Siyo kwa ajili ya jasho tu. Mwanamke anayepoteza ovari kabla ya miaka 45 bila tiba, mifupa yake inapungua kwa kasi, na hatari ya magonjwa ya moyo inapanda. Miongozo ya kitabibu ya nchi nyingi inashauri mtu kama huyo atumie homoni mpaka kwenye umri wa kawaida wa kukoma hedhi, kama miaka 50 hivi, halafu akae na daktari wapime upya. Mwenye miaka 49 ambaye ovari zake bado zipo na joto lake linavumilika, huyo hana haraka yoyote.

Lakini "ningeelekea" siyo "nenda kanunue". Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mguu au mapafu, kiharusi, au ugonjwa wa ini, kwake mazungumzo ni tofauti kabisa. Presha ipimwe na ishushwe kwanza. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa naongeza selimundu: kama unayo, sema, maana damu yake hupenda kuganda. Taja pia dawa nyingine unazotumia. Dawa za kifua kikuu, za kifafa na baadhi ya ARV zinaweza kuimaliza nguvu ile homoni kabla haijafanya kazi. Na kama kizazi kilitolewa kwa sababu ya saratani na si uvimbe, mwambie daktari ni saratani ya wapi. Ile ya kawaida ya mlango wa kizazi kwa kawaida haizuii homoni, ila zipo nyingine zinazozuia.

Uliza pia inakuja kwa sura gani. Kidonge cha kumeza kinapita kwenye ini na kinaongeza kidogo hatari ya damu kuganda. Plasta ya kubandika kwenye ngozi au jeli ya kupaka haijaonekana kuleta hatari hiyo, ila upatikanaji wake na bei ni kitu cha kuulizia mapema. Duka la dawa muhimu pale Tinde lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza, usitegemee kulikuta hili. Na tafadhali, usijitibu kwa vidonge vya majira vya mtu mwingine kwa sababu "navyo ni homoni". Dozi yake na kazi yake si hiyo.

Kopo la jirani je? Mwambie akuonyeshe ndani kuna nini na kiasi gani. Hawezi. Kama kweli lina homoni, unameza dozi usiyoijua, na kama halina, umenunua maji ya bei mbaya. Pesa hiyo nunua maziwa na dagaa wa Ziwa Victoria ule na mifupa yake, kwa ajili ya mifupa yako.

Haya, chumbani. Ukavu huo una jina na una dawa, haina maana kwamba mapenzi yameisha wala kwamba umepungua uanamke. Estrojeni ikishuka, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na inauma. Kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ndani kwa dozi ndogo, ambayo hata wengi wasiotaka vidonge wanaweza kuitumia, na kuna jeli za kulainisha zisizo na homoni kabisa. Kitu cha kukimbia ni yale magome na unga wa "kubana". Hapo unakausha palipokwishakauka, na michubuko yake ni mlango wa magonjwa. Hamu yenyewe inaweza kuchukua muda kurudi, kwa sababu ovari zilikuwa zinatoa pia homoni inayochangia hamu. Shemeji anatakiwa alijue hilo akirudi zamu, mapema, wakati wa chai, siyo saa nne usiku taa imezimwa, maana mwanaume asiyeelezwa huanza kuhesabu mwenyewe, na hesabu zake huishia kwa mtu wa tatu.

Mwende naye kliniki. Aulize yeye mwenyewe la saratani, ajibiwe na mtu aliyesomea. Mkikubaliana kuanza, ombeni tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu hivi, kuona kama dozi inatosha na presha imekaaje. Na mkiamua kutotumia, au ikawa hairuhusiwi kwako, bado usikubali kuambiwa "vumilia". Zipo dawa zisizo homoni zinazopunguza lile joto, gabapentini mojawapo, na daktari anaweza kukupa.

Lingine dogo: kabla hujapanda basi la Mwanza kufuata dawa, mwombe daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, upige simu kwenye maduka makubwa ya dawa uulize kama ipo na mwezi mmoja unagharimu kiasi gani. Zidisha mara kumi na mbili. Dawa hii ni ya miaka, na kuianza mwezi huu halafu kuikosa mwezi ujao kunakurudisha kwenye shuka lililolowa.