Presha haibishi hodi

Leo ningependa tuzungumze kuhusu ugonjwa ambao huenda unao wewe unayesoma ukurasa huu, na hata hujui.

Nina shangazi yangu anayeishi hapa Machakos, si mbali na soko. Kwa miaka mingi aliuza mitumba. Alikuwa akiamka alfajiri, akipanda matatu hadi Gikomba kuchagua mzigo, na kufikia saa nne amekwisharudi na kutandaza nguo zake. Siku moja wauguzi walipiga hema pale sokoni wakawa wanapima watu presha bila malipo. Shangazi aliketi kwa sababu tu hakuwa na mteja. Mashine ikasoma 180 kwa 110. Akaambiwa aende hospitali, akaenda, akapewa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha.

Nilipomuuliza sababu, alicheka. "Mwanangu, dawa ni ya mgonjwa. Kichwa hakiniumi, kifua hakiniumi. Nimeze nini?"

Nami nikanyamaza. Ni mkubwa wangu, na maneno yake yalionekana kuwa na akili. Miezi mitano baadaye aliamka mkono na mguu wa kulia haviinuki, na mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Leo hii anatembea kwa mkongojo na maneno humtoka kwa taabu. Bintiye, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, alikosa shule muhula mzima akimwuguza. Siku ile siwezi kuirudisha. Ninaloweza ni kukueleza wewe mambo ambayo nilipaswa kumweleza yeye.

Mota na kilima

Sisi wa Machakos tunajua shida ya maji. Chukua mfano wa mota inayosukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi lililo juu ya kilima. Paipu ikiwa pana, mota hufanya kazi kwa utulivu. Paipu ikiwa nyembamba, mota hunguruma na kupata moto, ingawa maji yanaendelea kufika. Aliye juu kilimani akifungua mfereji haoni tatizo lolote, mpaka siku mota inapoungua au paipu inapopasuka.

Moyo ndio mota yetu, na mishipa ndiyo paipu. Ile nambari ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga, na ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika baina ya pigo na pigo. Zikiwa zinafika 140 kwa 90 au kuzidi, tena kwa siku tofauti, hiyo ni presha. Misuli ya moyo hunenepa kwa kazi nyingi, kisha huchoka na kushindwa. Mishipa ya ubongo huziba au hupasuka. Figo na macho huharibika. Haya yote hutendeka kwa miaka bila maumivu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumeutoa wapi?

Utasikia wengine wakisema kwamba presha ni ya matajiri, wengine kwamba ni mawazo, na wengine kwamba ni ya ukoo tu. Kweli ukoo unachangia. Lakini utafiti uliofanywa hapa kwetu Kenya unaonyesha kwamba hiyo si hadithi yote.

Mnamo mwaka wa 1929, daktari mmoja aliyeitwa Donnison, ambaye alikuwa akifanya kazi katika sehemu za Nyanza, aliandika katika jarida la Lancet la London kwamba alikuwa amepima wanaume 1,000. Presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya. Na katika miaka miwili ya kulaza wagonjwa hospitalini, hakuwa amekutana na mgonjwa hata mmoja wa presha.

Miaka 60 baadaye mambo yalikuwa mengine. Mwaka wa 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu Waluo waliotoka mashambani magharibi mwa Kenya na kuhamia Nairobi. Waliwafuatilia tangu walipofika mjini na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Katika miezi michache tu, presha ya waliohamia ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Ukoo ni ule ule. Lakini mkojo wao ulionyesha kwamba mjini walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi, huku madini ya potasiamu, ambayo hupatikana katika matunda, mboga na nafaka za jamii ya kunde, yakipungua. Na uzito wao uliongezeka.

Ndiyo sababu haikuwa ajabu, serikali ilipofanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka wa 2015, kukuta kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha, na kwamba zaidi ya nusu walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani.

Hebu jiulize, familia yako imehama mara ngapi tangu enzi za babu? Kutoka muthokoi na mbaazi hadi chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, jikoni na mezani. Kutoka kutembea hadi shambani mpaka kukaa ndani ya gari saa mbili katika barabara ya Mombasa.

Dawa zinazotufaa

Kwa muda mrefu madaktari wetu walitumia dawa ambazo zilikuwa zimejaribiwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka wa 2019 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa 728 Waafrika katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Walipewa dawa mbili mbili kwa miezi sita. Ilibainika kwamba jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake ziliteremsha presha zaidi kuliko jozi isiyokuwa nayo.

Kwa hivyo daktari akikuandikia amlodipini pamoja na dawa nyingine, usidhani kwamba anabahatisha au kwamba ugonjwa wako umeshindikana. Wagonjwa wengi huhitaji dawa mbili. Mwaka huo huo wa 2019, Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyounganisha dawa mbili za presha katika kidonge kimoja, ili iwe rahisi kutosahau. Kama miguu itavimba au kikohozi kikavu kitakusumbua, rudi ukaseme, ubadilishiwe. Mama mjamzito, au anayetarajia kubeba mimba, amjulishe daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto.

Nayo chumvi? Mwaka wa 2021 watafiti nchini Uchina walitangaza matokeo kutoka vijiji 600. Nusu ya vijiji hivyo vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Katika vijiji hivyo visa vya kiharusi vilipungua kwa kiasi cha asilimia 14. Lakini tahadhari: mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi ya aina hiyo bila kumwuliza daktari. Sisi wengine tunaweza kuanza na lililo rahisi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika mkate, soseji na viungo vya pakiti. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Rudisha mbaazi, kunde, ndizi na parachichi.

Mwanafunzi, wewe una kazi maalumu. Wazazi wako huenda wasisome ukurasa huu, lakini wewe umeusoma. Wapeleke wakapimwe. Waambie waketi na kupumzika dakika tano kabla ya mkono kufungwa ule mkanda, na wapimwe zaidi ya mara moja. Andika nambari zote mbili pamoja na tarehe katika daftari. Anayemeza dawa, mkumbushe, hasa siku anapokuambia kwamba amepona. Presha ikishuka ni ishara kwamba dawa inafanya kazi, na si ruhusa ya kuiacha.

Kwa shangazi daftari hilo lipo. Bintiye ndiye huliandika kila Jumamosi, na mara ya mwisho nilipokwenda lilisoma 132 kwa 84. Shangazi alinyoosha mkono wa kushoto akanionyesha ukurasa, akajaribu kusema neno. Lilichukua muda, lakini nilimsubiri, nikalisikia: "Ungenilazimisha."

Basi msomaji, wewe usingoje kuambiwa hivyo. Hadi Jumapili ijayo.